Makaratasi ya kuolewa ng'ambo yanaanzia kwa mama, si kwa ubalozi

Watu wengi wenye wanakuja kwa ofisi yetu hapa Kisumu wakiwa na mchumba wa nje huanza na swali moja tu, viza itachukua muda gani. Mimi ni karani wa wakili. Kazi yangu ni kuchapa hati za kiapo, kupanga mafaili, na kumwambia mtu polepole kwamba fotokopi aliyoleta haisomeki arudi saiba atoe ingine. Na vile nimeona kwa hii kazi, viza ndio kitu cha mwisho kabisa na si hapo watu wanakwama. Wanakwama kwa kadi ya ubatizo, kwa alama moja ndogo ya jina, kwa ng'ombe wa mahari waliopelekwa Alego kitambo na kila mtu akanyamaza. Naandika hii kwa wale wako na pete ama wanaingojea, na zaidi kwa wazazi wao, juu inaniuma kuona vijana wetu wakimaliza muda na pesa kwa jambo lingerekebishwa mapema pale kwa chifu.

Kila nchi iko na fomu zake na masharti yake. Marekani ukienda kama mchumba kuna viza inaitwa K-1, mwenzako Mmarekani ndiye anaanza kwa kujaza fomu I-129F, na lazima muwe mmeonana uso kwa uso ndani ya miaka 2 kabla hiyo fomu iingie, alafu ukishafika mna siku 90 muwe mmeoana, zikiisha bila ndoa unatakiwa urudi kwenu. Uingereza mnatoa notisi kwa ofisi ya msajili mnangoja siku 28, na wakishuku hiyo ndoa ni ya kutafuta makaratasi wanaweza kuvuta hadi siku 70. Ujerumani ofisi ya ndoa inaitwa Standesamt, na sheria yao ya kiraia kifungu cha 1309 inamtaka mgeni alete cheti kutoka serikali ya kwao kuonyesha hakuna kitu kinamzuia kuoa, na ndani ya miezi 6 ndoa isipofungwa hicho cheti kimekufa. Hata hapa Busia tu, mtu anavuka Uganda na kitambulisho anaona ni kama ameenda Bumala, lakini kitambulisho kinakuvusha, hakikuozeshi. Ukifunga ndoa upande ule umefunga nchi ya kigeni na sheria ni ya kwao.

Sasa ukitoa hizo tofauti zote unabaki na maswali mawili ambayo kila msajili duniani anauliza. Wewe ni nani? Na uko huru? Hayo maswali mawili, hakuna ubalozi unaweza kukujibia. Majibu yako kwenu.

Nianze na la kwanza juu ndilo watu hudharau. Kwetu huku mtoto anazaliwa asubuhi anaitwa Akinyi, anabatizwa Mercy, akienda shule mwalimu anaandika jina la babu, akichukua kitambulisho anaweka jina la baba, na nyumbani wote wanajua ni yule yule. Hakuna mtu amedanganya hapo, hivyo ndivyo majina yetu yanaishi. Lakini msajili wa ndoa huko Stuttgart hajui Akinyi ni nani. Anaweka cheti cha kuzaliwa upande huu na paspoti upande huu, anaona majina mawili kwa moja na matatu kwa ingine, anaandika barua anauliza hawa ni watu wangapi. Na kuna hii ya herufi, jameni. Achieng' na Achieng bila ile alama ya juu, kwetu hiyo ni kitu kimoja, mashine ingine inaikubali ingine inaitupa, na nimeona faili imerudishwa kwa sababu ya hiyo alama peke yake. Ndugu zetu wa Vihiga na Bungoma nao wako na yao, jina moja limeandikwa tofauti kwa cheti cha darasa la nane na tofauti kwa kitambulisho, na tarehe ya kuzaliwa ilisogezwa na mtu fulani wakati wa kuandikishwa shule.

Kama umezaliwa nyumbani mikononi mwa nyamrerwa, mkunga wa kienyeji, na hakuna aliyeandikisha, unahitaji usajili wa kuchelewa, na hapo ndio utatafutiwa kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, barua ya chifu. Kama una cheti lakini jina limekosewa, kwa kosa la herufi mara nyingi hutosha hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, lakini ukitaka kubadilisha jina lenyewe ni hati rasmi inayosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Ushauri wangu, na nautoa kwa nguvu zote, ni huu: kabla hujaulizia viza, weka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na paspoti mezani, soma herufi kwa herufi, umwite mtu mwingine asome pia juu macho yako yamezoea jina lako hayataona kosa. Chenye hakilingani, kirekebishe hapo hapo ukiwa bado na muda, kabla mtu wa ng'ambo hajaanza kuhesabu siku zake.

Swali la pili ndilo linanisumbua zaidi.

Serikali yetu inalijibu kwa cheti cha kutokuwa na pingamizi la ndoa, wengi wanakiita tu CNI. Sheria ya Ndoa ya 2014 ndio inakipa nguvu, inasema Mkenya akitaka kufunga ndoa kwa nchi inayodai cheti kama hicho anaomba kwa msajili, na msajili akishauliza na kuridhika anakitoa. Wasajili wako chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, makao makuu ni Sheria House pale Harambee Avenue Nairobi. Kwa maombi utaulizwa kitambulisho ama paspoti, cheti cha kuzaliwa, picha, nakala za mwenzako, na hati ya kiapo kwamba hujaoa ama hujaolewa. Kama uliachana na mtu unaleta amri ya mwisho ya talaka, ile ya mwisho kabisa, si ile ya muda inayotangulia, na kama ulifiwa unaleta cheti cha kifo. Waislamu waliofungiwa ndoa ama kuachana mbele ya kadhi waje na hati ya kadhi.

Hiyo hati ya kiapo ndio mimi huchapa. Na nikifika kwa mstari wa kwamba sijawahi kufunga ndoa ya aina yoyote, kidini, kiserikali wala kimila, mimi husimama namwangalia mtu. Namuuliza taratibu, kimila pia? Hapo ndio kimya kinaanza. Manake ile sheria ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiraia, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote ziko na uzito sawa. Ya kimila haiko chini ya ile ya kanisani. Na kwa mahari, sheria inasema kama mila inadai mahari basi hata sehemu ndogo iliyotolewa inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Sasa wewe ulikuwa na kijana wenu wa Ugenya, wazee walikuja, mama akapewa ayie, ile sehemu ya mahari ya mama mzazi, ng'ombe wachache wakaletwa, mkakaa, mkakosana, kila mtu akaenda njia yake. Kwa moyo wako hiyo iliisha. Kwa sheria inaweza kuwa bado ipo! Na kuirudisha mahari kwa wazee hakutoshi, siku hizi hata ndoa ya kimila huvunjwa mahakamani.

Naelewa vile inauma kusikia hivyo ukiwa tayari umependa mtu mwingine. Lakini kuapa uongo ni kosa la jinai, na ubaya wake ni kwamba uongo wa aina hii huamka wakati mbaya, miaka baadaye, mtu ameugua ama amekufa, ndio watu wa Ugenya wanatokea wakisema huyu ni mke wetu na ng'ombe wetu walikuja hapa. Hapo ndoa ya ng'ambo inatikiswa yote, pamoja na makaratasi ya ukaazi na haki za watoto. Bora useme ukweli kwa wakili mapema. Kuna wenye hawakufika kwa ndoa kabisa, walikaa tu pamoja, ile ya njoo tukae bila mzee yeyote kuja. Hiyo ni kitu ingine, na mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana ya ndoa kwa watu waliokaa tu pamoja itumike kwa nadra sana. Kwa hivyo usijihukumu peke yako usiku kitandani, njoo uulize. Aliye na mtoto pia aulize mapema, juu Katiba inampa baba na mama wajibu sawa wawe walioana au la, na kumhamisha mtoto nchi ingine bila idhini ya mzazi mwenzako ni kujitafutia kesi.

Nieleze sasa kuhusu binamu yangu, ameniruhusu bora nisimtaje. Ni mwalimu wa chekechea, mchumba wake ni Mjerumani. Kwa Ujerumani iko hivi: ubalozi wao haugongi muhuri wa uthibitisho kwa hati za Kenya, Kenya iko kwenye orodha ya nchi ambazo wameacha kufanya hivyo, na badala yake Standesamt ikitaka uhakika inaomba ubalozi uchunguze hati zenyewe mashinani. Kwa hiyo anatumwa mtu wa kuaminika anaenda kwa ofisi iliyotoa cheti, anaenda shule uliyosoma, anaenda hospitali, na anaenda nyumbani kwenu. Unapojaza makaratasi unaandika hata njia ya kufika boma, shuka stendi gani, shika njia ya wapi, uliza nani.

Basi huyo bwana akafika Seme. Mama mzazi alikuwa ameenda soko, baba yuko ziwa, aliyepatikana nyumbani ni waya, shangazi yetu mkubwa, ameketi anachambua omena. Mgeni anasalimia vizuri, anatoa faili, anauliza kama anamjua fulani. Waya anasema anamjua. Anauliza, ameolewa? Na waya bila kupepesa macho anamwambia aliolewa kitambo, ako na watoto wawili, na kwa bwanake ni mbali sana, hata sisi hatumwoni. Akaandika, akashukuru, akaenda.

Mnaweza kufikiria vile mambo yaligeuka. Hati ya kiapo inasema hajaolewa, CNI inasema hakuna pingamizi, ripoti ya kutoka nyumbani inasema ni mke wa mtu na watoto wawili. Mchumba kule anapigiwa simu na ofisi ya ndoa anaulizwa kama anamjua vizuri huyu anataka kumuoa. Simu za usiku, machozi, mpaka wakakaribia kuachana kwa kitu ambacho hakikuwepo kabisa.

Ilitubidi tuandike upya. Baba akaapa, mzee wa ukoo akaapa, chifu akaandika barua, na waya mwenyewe akapanda matatu akaja ofisini. Kwa sababu hasomi, hati yake ilisomwa kwa Dholuo mstari kwa mstari na wakili akaandika chini kwamba amesomewa na ameelewa, ndio akaweka kidole. Alitaka isomwe mara ya pili. Akasema kitu sijasahau: "Sikusema vibaya mimi. Mtu usiyemjua akiuliza njia ya binti yako, na ameshika faili, kwanza umfungie mlango alafu ndio uulize anataka nini." Na mimi nasimama na waya. Huku tumeona wasichana wakichukuliwa na watu wenye faili kama hizo, wakaahidiwa kazi Ghuba, wengine walirudi hawawezi hata kusimulia. Mama mzee kumficha mtoto wake kwa mgeni ni mapenzi, na hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba safari hii mapenzi ni kusema ukweli.

Kwa hivyo hii ndio naomba kabisa. Kama nchi unayoendea inachunguza hivyo, nenda nyumbani mwenyewe kabla ya kujaza fomu. Keti na mama, baba, waya, mzee wa kijiji, jirani wa kushoto na wa kulia, naibu wa chifu pia. Waambie unaolewa na nani, waonyeshe picha yake, waambie mtu atakuja kuuliza maswali na wajibu vile wanajua. Usiwafundishe maneno, juu maneno ya kufundishwa yanasikika na uongo wake unakuharibia zaidi. Waambie tu ukweli uko wapi na kwa nini mgeni anautafuta. Na ukweli ni kwamba hii pia ni heshima, manake kuna watu wanataka mama yao aje ajue kuna harusi kutoka kwa mpelelezi. Haifai.

Baada ya nyumbani kutulia, ndio unaanza kuangalia mpangilio wa hati, na hapa kuna mtego. Kuna hati zinachelewa na kuna hati zinakufa haraka. Uchunguzi kama huo wa Ujerumani huchukua miezi kadhaa, cheti cha kutokuwa na pingamizi kina miezi 6 yake, sasa ukikimbia kuchukua CNI mwanzo kabisa ili ujisikie umeanza, inaweza kuisha uhai bado faili yako iko njiani. Uliza ofisi ya ndoa ya huko kwa maandishi, kila hati wanaitaka ikiwa na umri gani na waanze kuipokea lini. Mwenzako aende mwenyewe akaulize, ni mji wake na lugha yake, kila ofisi ina orodha yake na orodha ya rafiki yako aliyeolewa mji mwingine inaweza kukupoteza.

Kwa nchi zinazotaka mihuri, njia ya kawaida ni hati ianzie ofisi iliyoitoa, ipite kwa mthibitishaji wa umma ikihitajika, iende Wizara ya Mambo ya Nje pale Old Treasury Building, alafu ubalozi wa nchi husika. Mlolongo huu uko kwa sababu hadi naandika hii Kenya haijaingia ule Mkataba wa Hague wa 1961 wa apostille, ambapo kwa kawaida muhuri mmoja hutosha kati ya nchi wanachama. Rwanda waliingia na ikaanza kufanya kazi kwao 2024. Kwa mtu wa Kisumu ama Nakuru hiyo inamaanisha basi la usiku kwenda Nairobi tena na tena, nauli na kulala, na ningependa sana siku moja wabunge wetu wa huku waliulizie hilo. Alafu kuna tafsiri. Hati zetu ni za Kiingereza kwa hivyo Uingereza na Marekani hakuna shida, lakini Ujerumani inataka Kijerumani cha mtafsiri aliyeapishwa, na usitafsiri kabla majina hayajalingana juu utalipa mara mbili. Pia huko mwenzi anayetoka Kenya huhitaji cheti cha Kijerumani kiwango cha A1, kile cha mwanzo kabisa, kabla ya viza, kwa hivyo masomo yaanze mapema yakienda sambamba na makaratasi.

Mabroka sitawaongelea sana. Wako nje ya kila ofisi, wanasema wanajua mtu ndani. Hati ya kughushi ikigunduliwa na ubalozi jina lako limeandikwa, na hata zile zako za kweli zitaangaliwa kwa jicho hilo. Tumeletewa mama analia, binti yake alilipia cheti cha kuzaliwa kwa broka na alikuwa na cha halali nyumbani ndani ya sanduku tangu 1996, alidhani tu kile kipya kitapendeza zaidi.

Sasa kuna jambo moja nataka watu wafikirie, kwani lazima mfunge ndoa huko? Mgeni anaweza kuja kufunga hapa. Analeta cheti chake cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwao, mnatoa notisi ya siku zisizopungua 21 na ndoa ifanyike kabla miezi 3 kuisha, alafu unaomba viza ya kuungana na mume ama mke. Makaratasi yako bado yatachunguzwa, hilo usijidanganye, lakini mzigo wa kusafirisha hati za kufungia ndoa unahamia kwake, na yeye mara nyingi anatoka nchi ambapo cheti kinapatikana kwa dawati moja. Na wazazi wako watakuwepo wakiona kwa macho. Mimi nikiulizwa, kama hakuna haraka ya kazi ama ya mtoto, nasema fungeni hapa Kisumu. Wengine hawawezi, mwenzake hapati likizo ama ameshapanga kila kitu kule, na hiyo nayo ni sawa. Ila mkienda Ujerumani jueni harusi ya kanisani peke yake haitambuliki kisheria, tangu 1876 ndoa yao ni ile ya mbele ya msajili, kanisa linafuata kwa wenye wanataka. Kwetu mchungaji mwenye leseni akifungisha imefungwa, kwa hivyo watu huchanganya. Na kama hujui Kijerumani vizuri msajili atataka mkalimani, muandaeni mapema.

Binamu yangu aliolewa. Siku hiyo hiyo pale ofisini waliomba cheti cha ndoa cha kimataifa, kile kina lugha kadhaa na Kiingereza kikiwemo, na wakachukua nakala zaidi ya moja, hiyo niliwasisitizia. Ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria ya huko inatambuliwa Kenya, lakini utaulizwa karatasi kila mahali, ukitaka kubadilisha jina kwa paspoti, ukiandikisha mtoto, ukifungua mambo ya urithi, na kuomba nakala ukiwa umesharudi huku ni barua na posta na kungoja. Nakala moja ikae na nyinyi, moja kwa wakili, na muitoe skani yenye rangi kamili kabla hamjaikunja.